Chupa Iliyokuwa na Jina Langu

Mwadi mwanangu,

Wamama wa kanisa wamekuchukua kwenda kukuombea safari, nami nimesema mguu unaniuma, nibaki. Mguu hauniumi. Nilitaka nyumba tupu na hii meza, nikuandikie kabla hujarudi, maana kwa mdomo nimejaribu mara nyingi na kila mara nimeishia kukuuliza kama kuku wamekula.

Mambo ya Lubumbashi sitakufundisha. Kwamba ufunge mlango, kwamba ushike simu yako vizuri sokoni, hayo umeambiwa na kila mwenye mdomo hapa Panda. Sanduku umelipanga mwenyewe vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi. Kazi umeipata kwa akili zako: fundi umeme katika kiwanda cha unga, mwanamke peke yako kati ya wanaume kumi na mmoja. Nimejivuna mtaani mpaka watu wamenichoka.

Nataka kukuandikia juu ya ile karatasi ya daktari.

Iko hapa mbele yangu. Jana ulirudi nayo unacheka, unaipeperusha, muhuri umegongwa katikati: APTE. Unafaa kazi. Pasta akaishika akaiinua juu, majirani wakapiga vigelegele. Watu walipoondoka ukaja ukaketi karibu nami, ukaweka kidole kwenye mstari mmoja, ule wa sukari ya damu, mia moja na kumi na nane.

"Papa, weye unajuaka hizi namba. Hii inasema nini?"

Nami nikakujibu: "Ni namba tu, mama. Si bameandika apte? Njo hivyo basi."

Ukaamini, ukaenda kupika. Mwadi, nilikudanganya. Namba ile naijua inasema nini. Na uongo ule niliwahi kumdanganyia mama yako, ukamuua. Nimeandika neno hilo nikalitazama, nikataka kulifuta, nimeliacha.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa natoboa mawe Kakontwe, kwa mkandarasi mmoja ambaye siku hizi hayupo tena. Mara moja kwa mwaka tulipimwa wote: presha, macho, kifua, na mkojo ndani ya chupa. Mwaka uliotangulia muuguzi alikuta albumini katika mkojo wangu, maana yake figo zilikuwa zinavujisha kitu ambacho zingepaswa kukizuia. Akaniambia nipunguze chumvi, niache lutuku, nirudi anipime tena. Lutuku unaijua, ile pombe kali ya mahindi ambayo sisi wa mawe tulisema inaosha vumbi kooni. Sikuacha, na sikurudi. Katika maneno yake yote nilichosikia mimi ni kwamba wakiikuta tena mwaka ujao nitaondolewa kwenye mashine.

Sasa, pale machimboni tulikuwa na ujanja wetu. Mkojo wa mke. Tulisema mwanamke hanywi lutuku, hapigwi vumbi, mkojo wake ni safi. Basi asubuhi ya kipimo mwanaume anatoka kwake na kichupa cha penisilini kimejaa, amekibana kwapani ndani ya shati ili kifike bado kina joto. Ungetuona kwenye foleni, wanaume wazima, kila mmoja mkono umegandamana na ubavu kama kuku aliyevunjika bawa. Tulichekana sana. Walikuwepo waliojisifu kwamba mabibi zao wana afya ya askari.

Mama yako alinipa kichupa huku anacheka. "Kumbe ni minye njo niko natoboa mawe!" alisema. Alikuwa amevaa kile kitenge cha kijani ambacho wewe ulikikata ukashonea mto.

Muuguzi alikuwa mzee mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alichovya kijiti cha kupimia, akakitazama, akachovya kingine. Kisha akasema: "Papa, albumine hapana tena. Lakini sukari iko, tena mingi. Kesho ukuye bila kula, tutapima damu."

Kesho yake nikaenda na njaa yangu. Damu haiazimwi. Akanichoma kidole, sukari yangu ikatoka themanini na nane, hakuna tatizo lolote. Akaziweka karatasi mbili pamoja mezani, akavua miwani. Tulikuwa wawili tu mle chumbani.

"Papa, damu yako inasema bingine, mukojo inasema bingine. Hii mukojo ni ya nani?"

"Ni yangu, docta."

"Siko nakuuliza juu ya kazi. Niko nakuuliza juu ya ule muntu iko mugonjwa. Anapashwa kuya hapa."

"Ni yangu. Kijiti yenu njo iko mubaya."

Alivaa tena miwani yake. Kisha akanipa kichupa kingine kitupu, akasema nilete mkojo mwingine asubuhi. Alikuwa amenifungulia mlango, Mwadi, na hakuna aliyekuwa anatusikia. Ningesema tu "ni ya bibi yangu", mama yako angepimwa juma lile lile. Nilichukua kichupa nikatoka.

Unakumbuka siku niliyokuamsha kabla ya shule nikakupa kichupa, nikasema mwalimu anataka kupima minyoo? Uliniuliza mbona mwalimu hakuwaambia. Nikakufokea. Mkojo wako haukwenda shule. Ulikwenda Kakontwe kwapani mwangu, ukaonekana safi, nami nikagongewa muhuri. Neno lilikuwa hili hili lililo kwenye karatasi yako.

Wala usidhani nilisahau. Ningekuwa nimesahau ningepata pa kujificha. Nilijua vizuri kwamba sukari ile ilikuwa ya mama yako, na nikawaza hivi: nikimwambia akapimwe, atauliza nimejuaje, akifika kule, yeye hana siri, atasema, muuguzi atajumlisha moja na moja, na foleni yetu yote ya makwapa itafukuzwa. Nikajiambia nitamponya kwa akili, bila kusema. Nikaanza kuficha sukari.

Hilo lazima unalikumbuka. Kopo lilipanda juu ya kabati, likahamia chini ya kitanda, mwisho likaingia ndani ya buti langu la zamani la kazi. Mara nilisema sukari imepanda bei, mara nilisema itamwozesha mtoto meno. Mama yako alikuwa mtu wa kucheka, lakini hilo lilimuudhi kweli.

"Baba Mwadi, weye uko na choyo! Sukari ya chai tu?"

Akawa ananunua yake, anaiweka kwa jirani, anakwenda kunywa chai huko huko, vijiko vinne. Kambi nzima ya wafanyakazi ikaniita Papa Sukari. Nilikubali kuitwa mchoyo nisije nikaitwa mwongo, na nilikuwa vyote viwili.

Dalili nilikuwa naziona. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka kulima. Aliamka usiku mara nne, mara tano, kwenda nje. Asubuhi moja nilikuta sisimizi wamejaa pale uani alipokojoa, mstari mrefu mweusi, na kila mtu wa hapa anajua sisimizi wanafuata nini. Nilichukua majivu jikoni nikamwaga juu yao. Nilisimama pale na koleo mkononi nikijisikia mwanaume anayetunza nyumba yake. Nakwambia hivi kwa sababu nikikumbuka mabaya yangu, lile la muuguzi si la kwanza. La kwanza ni lile la majivu.

Baadaye akapungua mwili, macho yakaanza kumfifia, akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kanisani wakamwombea roho ya udhaifu. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma nasema amina.

Ulipokuwa na miaka kumi na sita ndipo ilipotokea safari ya Kapolowe, kumsaidia dada yake, Mama Mukubwa, kuvuna mahindi. Jembe likamkwangua kidole cha mguu. Kidonda kidogo, cha kufunga kitambaa na kuendelea na kazi. Hakikupona. Kidole kikawa cheusi, mguu ukavimba, tukampeleka hospitali wakati harufu tayari ilikuwa imeingia nyumbani. Mashine ilisoma zaidi ya mia nne. Daktari akaniuliza: "Iko na sukari tangu lini?"

Nikasema: "Njo leo tunasikia."

Mama yako alikuwa amelala pale pale, ananitazama. Aliniamini. Wakamkata mguu, na siku ya kumi na mbili akatuacha. Petro alimkana Bwana wake usiku mmoja, jogoo akamwamsha. Mimi nilimkana mama yako miaka saba, na jogoo walikuwa wanawika kila siku.

Linalofuata linakuhusu wewe. Matangani watu walisema kidonda cha jembe hakiui mtu, lazima pale shambani palitegwa kitu. Shamba la nani? La Mama Mukubwa. Maneno yakazunguka mikeka yote, yakanifikia nimekaa na wanaume, nami nikatazama moto. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Wewe ulikuwa mtoto mwenye uchungu, ukalishika hilo kwa mikono miwili. Tangu siku ile hujamwamkia. Miaka minane anakutumia mahindi mabichi kila msimu, na wewe unawagawia majirani hata hujafungua gunia. Mwadi, mama yako hakutegwa na mtu. Alikuwa na ugonjwa wenye jina, wenye dawa, na mtu mmoja tu aliyeujua alikuwa analala naye kitanda kimoja.

Sasa tazama tena hii karatasi yako. Ukurasa wa pili wamekuuliza: katika familia kuna ugonjwa wa sukari? Umeandika kwa mwandiko wako mzuri: hakuna. Presha? Hakuna. Figo? Hakuna. Pengine aliyesoma mia na kumi na nane akaona na hilo "hakuna" lako hakuona sababu ya kukurudisha. Uongo wangu umeandikwa kwa mkono wako, na wewe hujui hata kwamba ni uongo.

Kwa hiyo nisikilize. Nilijifunza namba hizi nikiwa nimechelewa, nikikaa kwenye benchi la kituo cha afya kila mwezi na wazee wenzangu, kwa hiyo nitakueleza kama mzee wa benchi.

Mtu ambaye hajala tangu jana usiku, sukari yake ya damu inatakiwa kukaa chini ya mia. Ikifika mia na ishirini na sita, ikapimwa siku nyingine ikabaki huko, huo ni ugonjwa na unatibiwa. Hapo katikati si ugonjwa bado, ni onyo, na wewe uko hapo katikati. Lakini leo asubuhi nilikuuliza, kama mzaha, siku ile ya kipimo ulikunywa chai kabla ya kwenda? Ukacheka, ukasema kikombe kimoja tu cha kuondoa baridi, na muuguzi alipouliza ulimwambia hujaonja kitu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Basi hiyo namba labda ni ya chai, labda ni ya mwili wako. Hakuna ajuaye, wala mimi, wala muhuri. Lazima ipimwe upya. Tena kuna kipimo kingine cha damu kinachoonyesha jinsi sukari yako ilivyokwenda miezi kama mitatu iliyopita. Kiombe hicho. Nakipenda kwa sababu mtu wa aina yangu hawezi kukidanganya kwa kufunga kula siku moja.

Presha wamekuandikia 13 kwa 8, yaani 130 kwa 80. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapokamua, ya chini ni ile inayobaki moyo unapopumzika. Nilipokuwa na kompresa yangu, ile mashine ya kusukuma hewa, kila asubuhi niligonga kioo cha geji kwa kucha nione sindano imesimama wapi, na ikipanda kupita kiasi nilizima mashine bila kumwuliza mtu. Mkono wangu mwenyewe ulisoma 17 kwa 10, nikasema muuguzi amefunga kitambaa vibaya. Yako haitishi, lakini iko ukingoni, na siku ile ulifika pale unahema. Kaa dakika tano kwanza, miguu chini, mdomo umefungwa (hapo utateseka), ndipo wapime. Na wapime tena siku nyingine, kwa maana kipimo kimoja kinaweza kudanganya hata bila msaada wetu.

Uzito wako kilo sabini na moja, urefu mita moja na hamsini na nane. Nimegawanya uzito kwa urefu, nikagawanya tena kwa urefu, kwenye simu yako, imetoka ishirini na nane. Ikipita ishirini na tano uzito umeanza kuuzidi urefu. Usininunie. Hapa kwetu mtoto akinenepa tunasema ametunzwa, na mimi ndiye niliyekuwa nakuongezea bukari, huu ugali wetu, kwenye sahani, sababu kila nilipokuona unapungua nilimwona mama yako. Kwenye droo kuna utepe wake wa kushonea. Jizungushe kiunoni mwenyewe, ukiwa peke yako. Ukisoma zaidi ya sentimita themanini na nane, hilo nalo mwambie daktari.

Figo zako ni nzuri, namba ya kreatinini, ule uchafu zinaochuja, iko mahali pake. Zangu si nzuri. Ndiyo sababu sitii chumvi kwenye mboga, si kwamba nimekuwa mtakatifu wa chumvi kama unavyonitania. Lile la albumini halikuondoka kwa kuwa nilipeleka mkojo wa mtu mwingine. Lilikaa likanisubiri.

Na hili neno apte, lisikulevye. Linasema siku ile unaweza kupanda ngazi na kushika waya. Halisemi mwili wako una nini. Mimi nilikuwa apte miaka yote ile ambayo nyumba yangu ilikuwa inakufa.

Nilianza kuandika kwamba sikuambii haya ili unisamehe. Huo ungekuwa uongo mwingine. Nataka unisamehe, nataka sana, hata sasa naogopa kusikia hatua zako mlangoni. Lakini hata ukinichukia, hata ukikaa Lubumbashi mwaka mzima bila kunipigia, namba ile ipimwe. Ukiweza kufanya kimoja tu, fanya hicho, chuki itangoja.

Leo mchana nilimpigia Mama Mukubwa simu. Nikamwambia yote, chupa, majivu, mkeka wa matanga. Alilia mpaka nikadhani atakata simu. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alipopata sauti aliuliza jambo moja tu:

"Na mutoto, bamemupima?"

Mtu uliyemnyima salamu miaka minane, ndivyo alivyouliza. Basi lako litapita Kapolowe. Anasema atakuwa pale barabarani mabasi yanaposimama, na kitenge chekundu kichwani. Sitakwambia ushuke. Najua ungependa kuwa na mama wa kumwambia kwaheri, na yule ndiye aliyebaki mwenye sura yake.

Basi linaondoka kesho saa nne. Kituo cha afya kinafungua saa moja. Tutakwenda pamoja, wewe na mimi, na nitapimwa kwanza mimi, mkojo wangu mwenyewe, mbele yako, chupa yenye jina langu na kilicho changu kweli ndani yake. Halafu wewe utatoa kidole. Wakikuuliza juu ya familia utajibu: mama, sukari, baba, presha na figo. Wakikuuliza mama aligundulika lini, nielekeze kidole mimi. Nitajibu.

Nasikia mnakuja mnaimba. Barua hii nitakupa mkononi usiku huu, siiweki sandukuni uikute ukiwa mbali nami nikiwa nimesalimika.

Ukishaisoma, kula ushibe, kisha usionje kitu tena isipokuwa maji. Asubuhi usitafute chai. Kopo la sukari nimelirudisha ndani ya lile buti, na safari hii sababu unaijua.

Baba yako